Kabla hujaenda kupiga window: jinsi ya kukagua kama Windows yako imepoteza mafaili

Maswali ni yale yale kila wiki. Menyu ya Stati haifunguki. Settingi ukizibonyeza zinafunguka sekunde moja zinajifunga. Kompyuta imejiapdeti usiku, asubuhi inazungusha viduara tu. Inaniandikia kuna dll (faili ambalo programu inalitegemea) haipo, nifanyeje? Na jibu la mtaani ni moja tu, peleka kwa fundi apige window, yaani afute diski na kuweka Windows upya. Sawa, ukishuka mjini hapa Dodoma utapigiwa kweli na utaondoka nayo siku hiyo hiyo, ila unafika nyumbani ripoti ya fildi haipo, picha za harusi ya dada hazipo, programu ulizozihangaikia hazipo na printa nayo haieleweki, wakati pengine yalikuwa ni mafaili machache ya mfumo yameharibika na Windows yenyewe inazo zana za kuyarudisha, za bure, ziko humo humo ndani.

Kwa hiyo kabla hujafomati chochote, kagua kwanza. Unachohitaji ni utulivu, muda na umeme, ufundi mkubwa hauhitajiki.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na 11. Windows 10 msaada wake wa kawaida uliisha Oktoba 14, 2025 lakini komandi zote za hapa zinafanya kazi kama kawaida. Wenye Windows 7, najua mpo, zile kompyuta za steshenari nyingi bado ni hiyo, kwenu inafanya kazi hatua ya 7 ya SFC tu (komandi ya kukagua mafaili ya mfumo), ile ya 6 ya RestoreHealth kwenye 7 haipo kwa hiyo msihangaike nayo.

NADHARIA KIDOGO TU

Ndani ya C:\Windows kuna folda inaitwa WinSxS, ichukulie kama stoo ya duka, humo ndimo zinakaa kopi za akiba za mafaili ya mfumo. SFC ni kijana wa dukani, anapita rafu kwa rafu anaangalia kipi hakipo na kipi kimeharibika, akikuta pengo anaenda stoo kuchukua kingine. DISM yeye anakagua stoo yenyewe, na akikuta stoo ina mapungufu anaagiza mzigo kutoka kwa Microsoft kwa njia ya intaneti. Sasa kama stoo nayo imeharibika, kijana hata apite mara ngapi atarudi mikono mitupu, ndiyo maana watu wengi wanaandika sfc mara tano halafu wanasema haifanyi kazi. Basi, nadharia imeisha.

Ila hiyo WinSxS jamani. Kuna watu wakiona C imejaa wanaingia humo wanaanza kufuta kwa mkono kwa sababu inaonekana ni kubwa. Usifute. Ukitaka nafasi tumia Disk Cleanup, sio mausi yako.

UNACHOHITAJI KABLA HUJAANZA

- Umeme wa uhakika. Laptopu iwe na betri inayokaa na chaja iwe imechomekwa. Desktopu iwe na UPS, kama huna basi chagua muda ambao kwenu umeme huwa hausumbui. Kukatika kwa umeme katikati ya matengenezo ya mafaili ndio chanzo kimojawapo cha ugonjwa wenyewe.
- Akaunti ya adimini. Kama kompyuta ni ya ofisi, wale wa mji wa serikali pale Mtumba na kwingineko, usiguse, wapelekee watu wa TEHAMA, hizo zimefungwa kwa sera zao na unaweza kujitafutia barua.
- Nafasi kwenye C. Angalau GB 10 ziwe wazi, zikiwa zaidi ni vizuri.
- Intaneti. Hotspoti ya simu inatosha kwa hatua nyingi. Kupakua ISO nzima, yaani faili moja lenye Windows yote ndani, ni zaidi ya GB 5, hiyo tafuta waifai au bando la usiku.
- Flashi ya GB 8 au zaidi, kama kompyuta haiwaki.
- Diski ya nje au flashi nyingine ya bakapu, usichanganye na hiyo ya juu.
- Saa na tarehe sahihi. Nacheka lakini sicheki. Desktopu za zamani kile kibetri cha bodi, CR2032, kikifa kompyuta inarudi miaka ya nyuma, na tarehe ikiwa ya uongo mawasiliano na seva za Microsoft yanakataa, unaletewa eror ambayo haitaji tarehe hata kidogo na unazunguka nayo siku nzima.

HATUA KWA HATUA

1. Jua una Windows gani. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Piga picha hicho kidirisha kwa simu, unahitaji toleo na namba ya build huko mbele.

2. Toa bakapu. Dokumenti, picha, na ile folda ya Downloads ambayo wote tunaifanya kabati. Wanaojiandikia dezetesheni pale UDOM hii hatua ni yenu kabisa, kopi moja flashi, nyingine jitumie kwenye imeili. Kukagua kwenyewe hakufuti mafaili yako, lakini kama tatizo la msingi ni diski kufa, ule usomaji mzito wa ukaguzi unaweza kuwa ndio wa mwisho kwa hiyo diski.

3. Angalia afya ya diski kwanza. Hii hatua wengi wanairuka halafu ndio iliyokuwa jibu. Mafaili ya mfumo hayapotei kwa uchawi, yanapotea kwa sababu umeme ulikatika wakati wa apdeti, au antivairasi imekula kitu, au mtu amefuta, au diski inaoza. Ya mwisho ukiirekebishia mafaili leo, wiki ijayo yanapotea mengine. Fungua PowerShell kama adimini (kwa njia ile ile ya hatua ya 4, ila kwenye sechi andika powershell), andika:

Get-PhysicalDisk

Angalia safu ya HealthStatus. Ikisema Healthy endelea, ila usiiamini mia kwa mia, kwa hadi diski ya kuzunguka ni bora uweke CrystalDiskInfo, ni ya bure na nyepesi. Rangi ikiwa ya njano na neno Caution, au nyekundu na Bad, hapo simama. Cheki hasa mistari ya Reallocated Sectors Count na Current Pending Sector Count, ikianza kuhesabu maana yake kuna sehemu za diski hazisomeki tena. Kamilisha bakapu, kisha ruka hadi mwisho wa mwongozo.

Diski ikiwa nzima lakini kompyuta ilizimika ghafla siku za karibuni, piga na hii, inakagua huku Windows ikiendelea kufanya kazi:

chkdsk C: /scan

Ikikuta makosa itakwambia. Ndipo unaandika chkdsk C: /f, itakuuliza kama ifanye ukiwasha tena, unajibu Y, unarestarti, unaiacha. Ile /r inayosifiwa sana usiikimbilie, inasoma diski nzima kipande kwa kipande, kwenye diski ya TB 1 ya zamani inaweza kula usiku mzima, na diski mgonjwa inaweza kuimaliza.

4. Fungua dirisha jeusi kama adimini. Kwenye sechi andika cmd, ikitokea bofya kulia, chagua Run as administrator, kubali Yes. Stati haifunguki? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, tafuta Run new task, andika cmd na weka tiki pale kwenye Create this task with administrative privileges.

Kosa la kila siku ni kufungua cmd ya kawaida, halafu unaandikiwa kwamba lazima uwe administrator. Hata kama akaunti yako ni ya adimini bado unatakiwa kufungua kwa njia hiyo ya kubofya kulia. Na kwenye Windows 11 ukipitia Terminal unaletewa PowerShell badala ya cmd, haina shida, andika cmd, Enter, umeingia.

5. Kagua stoo. Microsoft wenyewe wanashauri DISM itangulie SFC, na mimi nakubaliana nao, ila kwa anayebana bando anza na hizi mbili ambazo hazipakui kitu:

DISM /Online /Cleanup-Image /CheckHealth

DISM /Online /Cleanup-Image /ScanHealth

Ya kwanza ni ya sekunde chache, inaangalia tu kama kuna rekodi ya uharibifu iliyoshawekwa. Ya pili ndio inachimba kweli, subiri. Angalia nafasi unapoandika, kabla ya kila mkwaju (/) kuna nafasi, baada ya mkwaju hakuna. Hilo tu ndilo linaloleta Error 87 kwa asilimia kubwa ya watu, wanaandika Cleanup na Image bila kistari katikati au wanaachanisha mkwaju na neno. Bora ukopi upesti.

Majibu ni matatu. "No component store corruption detected", stoo nzima, ruka hatua ya 6 nenda 7. "The component store is repairable", stoo ina pengo lakini inatengenezeka. "The component store cannot be repaired", hiyo nayo ina dawa yake, iko chini kwenye sehemu ya IKIGOMA.

6. Jaza stoo. Washa hotspoti, hakikisha bando lipo, andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Sasa hapa ndipo uvumilivu unapimwa. Ile asilimia itapanda vizuri, itafika 20 isimame, au 62.3 isimame, hiyo 62.3 ni maarufu duniani kote, na unaangalia dakika kumi, ishirini, haisogei, mtu anaona imeganda anafunga dirisha. Usifunge! Inafanya kazi. Kwenye hadi diski ya zamani na RAM ya GB 4 inaweza kukaa hapo hapo muda mrefu kisha ikaruka hadi 100 ghafla. Angalia taa ya diski kama inapepesa, au fungua Task Manager uangalie kama Disk inatumika. Inatumika? Nenda kanunue maji urudi.

Ikimaliza inaandika "The restore operation completed successfully". Hapo bado hujamaliza wewe, umejaza stoo tu, rafu bado ziko wazi.

7. Sasa SFC:

sfc /scannow

Herufi kubwa au ndogo sio ishu. Itaandika inaanza ukaguzi, asilimia zinahesabu. Kwenye SSD ni dakika chache, kwenye hadi diski ya kuzunguka weka nusu saa na zaidi. Usicheze gemu, usifungue filamu, iache. Kama unataka kuangalia tu bila kurekebisha andika sfc /verifyonly, inafaa sana kwa kompyuta ya mtu mwingine ambayo hujapewa ruhusa ya kubadili kitu.

8. Soma jibu, na ulisome lote sio neno la kwanza. Watu wanaona "found corrupt files" wanapiga kelele wakati mbele yake pameandikwa imesharekebisha.

"did not find any integrity violations" maana yake mafaili yote ya mfumo yapo na ni mazima. Kama shida yako bado ipo basi chanzo sio mafaili ya Windows, angalia draiva, RAM, vairasi au programu uliyoweka juzi. Kupiga sfc tena na tena hakutabadilisha jibu.

"found corrupt files and successfully repaired them", hongera, restarti.

"found corrupt files but was unable to fix some of them", kuna yaliyogoma. Restarti, rudia hatua ya 6 na 7. Ikigoma tena ndio tunatafuta ni yapi kwa kuandika hii kwenye cmd, sio PowerShell:

findstr /c:"[SR]" %windir%\Logs\CBS\CBS.log > C:\sfc.txt

Fungua C:\sfc.txt kwa Notepad, tafuta maneno Cannot repair, pembeni yake kuna jina la faili. Ukijua jina unajua pa kuuliza. Na sio kila faili linalolalamikiwa ni janga. Mwezi wa saba 2019 SFC ilikuwa inawapigia watu kelele kwamba mafaili fulani ya PowerShell ya Windows Defender yameharibika, kumbe kasoro ilikuwa kwenye apdeti ya Defender yenyewe, kompyuta zilikuwa nzima kabisa, na kuna watu walipiga window kwa ajili ya hilo.

9. Restarti halafu piga sfc /scannow mara moja zaidi. Jibu likiwa halina kasoro, tumia kompyuta siku mbili tatu kwa kawaida kabla ya kutangaza imepona.

KOMPYUTA HAIWAKI KABISA

Hapa unafanya ukaguzi kutokea nje ya Windows. Ikijaribu kuwaka ikashindwa mara kadhaa mfululizo huwa inajileta yenyewe kwenye skrini ya bluu ya matengenezo. Isipojileta, tengeneza flashi ya kubuti kwa kompyuta ya rafiki ukitumia Media Creation Tool ya Microsoft, buti na hiyo flashi, chagua Repair your computer, USIBONYEZE Install. Kisha Troubleshoot, Advanced options, Command Prompt.

Tahadhari kwa wenye laptopu mpya, inaweza kukudai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski), tarakimu 48. Kama uliingia na akaunti ya Microsoft wakati unaianza, tumia simu ufungue aka.ms/myrecoverykey, ingia na imeili ile ile, ufunguo upo hapo. Laptopu ya mtumba ambayo ina akaunti ya mwenyewe wa zamani, utamtafuta yeye.

Ukiingia dirisha jeusi utaona limeandikwa X:\. Hiyo X sio diski yako, ni mfumo mdogo wa muda uliowaka kwenye RAM. Ukiandika sfc /scannow hapo hapo inakagua hicho kitu cha muda au inakwambia kuna repair pending urestarti, unarestarti, inasema tena, unazunguka. Na herufi ya diski yako humu inaweza isiwe C. Kwa hiyo andika diskpart, Enter, list volume, Enter, tafuta ile yenye ukubwa wa diski yako ya Windows, ona herufi yake, andika exit. Hakikisha kwa dir, mfano dir D:\, ukiona folda za Windows na Users ndio yenyewe. Kisha:

sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Badilisha D kwa herufi uliyoikuta. Kama iliganda baada ya apdeti, kabla ya sfc jaribu kuirudisha nyuma apdeti iliyokwama:

dism /Image:D:\ /Cleanup-Image /RevertPendingActions

DLL HAIPO: HII NI KESI NYINGINE

Naitenga kwa sababu robo tatu ya maswali ya faili kupotea ni haya, na SFC haiwasaidii. Ukifungua gemu au programu ya uhasibu inakwambia MSVCP140.dll au VCRUNTIME140.dll haipo, hilo sio faili la Windows, ni la Visual C++ Redistributable, kifurushi cha Microsoft ambacho programu nyingi zinakitegemea. Nenda tovuti ya Microsoft, pakua ya x64 na ya x86, weka zote mbili. Ndiyo, zote mbili hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu programu nyingi bado ni za biti 32. Ikiwa ni d3dx9_43.dll, hiyo ni DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010, nayo ipo kwa Microsoft. Na kwenye Windows 7 ukikutana na lile lirefu api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll, unahitaji apdeti KB2999226.

Usiende kwenye zile tovuti za kupakua dll moja moja na kuitupa System32. Hujui ni ya toleo gani, hujui imebeba nini, na hata ikikubali, kesho programu inadai nyingine na nyingine. Vairasi nazo zinaweza kuingia kwa mlango huu huu.

Na kwa wale wa programu zilizochakachuliwa, nasema bila kuhukumu kwa sababu ndio hali halisi ya mtaani, ile activator uliyoambiwa uzime antivairasi kwanza ndio uiweke, nyingine zinabadilisha mafaili ya mfumo. Ukipiga sfc inayarudisha ya asili, kesho unaona Windows inadai leseni. SFC haijaharibu kitu hapo, imefanya kazi yake.

IKIGOMA

Error 0x800f081f kwenye RestoreHealth. Maana yake DISM haikupata mzigo wa kujazia stoo. Error 0x800f0906 ni ndugu yake, imeshindwa kupakua. Cheki bando, tarehe na saa, zima VPN, jaribu tena. Ikiendelea, ipe mzigo kwa mkono kutoka kwenye ISO. Ukifungua ukurasa wa kupakua Windows 10 wa Microsoft kwa simu unapewa ISO moja kwa moja badala ya ile Media Creation Tool, wengi hawajui hili. Toleo lilingane na lile ulilopiga picha kwenye winver, na lugha iwe ile ile ya Windows yako, ISO ya zamani kuliko Windows yako haisaidii. Ikiwa kwenye kompyuta bofya kulia, Mount, itatokea kama diski, tuseme E. Ndani ya folda ya sources angalia kama kuna install.wim au install.esd. Kwanza uliza namba ya toleo lako:

dism /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Itakuorodheshea Home, Pro na wenzake na namba zao. Pro mara nyingi ni 6 lakini usikariri, soma. Kisha:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:E:\sources\install.wim:6 /LimitAccess

Kama faili ni esd, badilisha neno wim sehemu zote mbili liwe esd. Ile /LimitAccess inaizuia kwenda intaneti, kwa hiyo hata bando likiisha inaendelea.

"could not start the repair service". Huduma ya Windows Modules Installer imezimwa, mara nyingi na zile programu za kuharakisha kompyuta. Andika hizi mbili, na kwenye ya kwanza kuna nafasi baada ya alama ya sawasawa, usiisahau:

sc config trustedinstaller start= demand

net start trustedinstaller

"could not perform the requested operation". Ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) upige sfc ukiwa humo. Ikikataa na humo, rudi kwenye chkdsk, kwa kawaida diski ina neno la kusema.

"There is a system repair pending". Kuna apdeti haijamaliza. Restarti, iache imalize hata ikichukua muda. Ukiwa nje ya Windows, soma tena ile habari ya X.

Inaganda kwenye asilimia ile ile kila mara na diski inatulia kimya. Zima kwa kawaida, rudi hatua ya 3. Pia gusa laptopu chini, kama inaunguza basi ni joto, kiangazi cha huku na vumbi lake feni zinaziba kabisa, kompyuta inajizima katikati ya kazi na mafaili yanaharibika upya. Isafishwe feni kwanza ndio uendelee.

Yote yamegoma lakini Windows bado inafunguka. Usifomati bado. Fungua ile ISO uliyoi-mount, bonyeza setup.exe ukiwa ndani ya Windows yako, fuata maelekezo mpaka pale inapouliza ubaki na nini, chagua kubaki na mafaili na programu zako. Inaandika mfumo upya juu ya ule wa zamani bila kugusa vitu vyako. Kama hilo chaguo limefifia halibonyezeki, simama, ISO yako hailingani kwa lugha au toleo. Kwenye Windows 11 za karibuni kuna njia rahisi zaidi isiyohitaji ISO, nenda Settings, System, Recovery, tafuta Fix problems using Windows Update, ila hiyo inakula bando kwelikweli kwa sababu inapakua mfumo mzima.

Diski imesema Caution au Bad. Huyo ndiye anayeenda kwa fundi. Mwambie hivi: diski inakufa, nataka SSD mpya, weka Windows kwenye hiyo SSD, na hii ya zamani usiifomati, nirudishie mkononi. Ukae pale pale anapofungua, uondoke nayo mfukoni, na kama kuna vitu hukuviwahi kwenye bakapu usiichomeke chomeke hovyo nyumbani, kila inapowaka inapungua uhai, chomeka mara moja ukiwa tayari na diski ya kukopia na orodha ya unavyovitaka kwanza.